Mkopo Ulihama, Chumba Kikabaki Kimoja

Nina mzigo. Semeni, "Tua." Haya, natua. Lakini anayenitua ajue kwamba mwisho wa maneno nitamuuliza swali, na sitakubali aniambie ana haraka.

Mji siutaji. Uko chini ya milima ya Upare, una soko, una benki, una kanisa letu sisi tunaoshika Sabato. Wahusika wote wako hai, na wameniruhusu niwataje kwa majina. La kwangu nimeliacha kwa aibu, na mkifika mbele mtaiona aibu yenyewe. Mimi ni mzee wa kanisa, nimeishia darasa la saba, na mambo ya benki nimeyajua kwa kuelezwa.

Yupo Mwalimu Namsifu, mjane, anafundisha jiografia sekondari. Mungu hakumjalia mtoto, lakini nyumba yake haikuwahi kuwa kimya, maana aliishi na watu watatu, na kila mmoja alikuwa amepewa chake.

Mbonea alipewa macho. Huyu ni shemeji yake Mwalimu, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuwa karani wa mahakama miaka thelathini. Husoma kila kilichoandikwa, hata maneno ya kwenye pakiti ya chumvi, na akikuta kosa hukasirika mpaka jioni. Kiingereza cha wanasheria anakijua kama mimi ninavyolijua jembe langu.

Nakiete alipewa kukaa. Huyu ni binti wa mdogo wake Mwalimu, mwenye meza ya nyanya na vitunguu sokoni. Wengine huchoka kusubiri, yeye hachoki. Mteja akisema atarudi, Nakiete anamsubiri, na mteja anarudi kwa sababu anajua yule mama bado yupo pale.

Yunisi alipewa shingo. Huyu ni mzaliwa wa Singida, amemtumikia Mwalimu miaka kumi na mmoja. Ndoo ya maji kichwani, nyingine mkononi, na huku anaimba sauti ya pili bila maji kumwagika. Kwaya yetu ilimtegemea yeye. Hana ndugu mji huu zaidi ya kwaya ile.

Basi nyumba ya Mwalimu ilikuwa kilimani. Aliijenga na mumewe kwa mkopo wa benki, na kuifikia unapanda ngazi za mawe arobaini na mbili, hakuna njia ya gari. Zamani ngazi zile zilikuwa raha yake. Alizoea kusema kwamba mtu mvivu hawezi kumtembelea.

Mwaka juzi kisukari kikampanda mguuni, hospitali wakaukata mguu wa kushoto juu ya goti. Kuanzia hapo ngazi arobaini na mbili zikawa kifungo. Akawa anashushwa mara mbili kwa wiki, Yunisi mbele na Nakiete nyuma, kama wanavyobeba jeneza, Mungu anisamehe kwa mfano huo. Mkuu wa shule alikuwa mtu mwema, akamletea madaftari asahihishe nyumbani. Lakini mwishowe akamwambia, "Mwalimu, mimi sina neno, ila wilayani wameanza kuuliza. Ukishindwa kufika darasani, watakustaafisha kwa maradhi."

Akistaafishwa, mshahara umekatika. Mshahara ukikatika, mkopo hauna wa kuulipa. Kwa hiyo ikabidi ahame, aende kwenye nyumba ya tambarare, karibu na shule.

Hapo ndipo neno lilipo. Mkopo wa Mwalimu ulikuwa wa riba isiyobadilika. Maana yake, nilivyoelezwa, ni kwamba siku ile alipotia sahihi walikubaliana asilimia tisa, na asilimia tisa itabaki mpaka deni liishe, hata dunia ipinduke. Na dunia ilikuwa imepinduka kidogo. Sasa hivi anayekwenda benki kuomba mkopo mpya wa nyumba anaambiwa kumi na saba. Mwalimu akiuza nyumba na kulipa deni mapema, anatozwa faini ya kuvunja mkataba. Akiomba mkopo mpya kwa riba mpya, makato yanakula mshahara wake kupita kiasi kinachoruhusiwa, na benki inamkatalia. Yaani akibaki kilimani anapoteza kazi, na akishuka anakosa nyumba. Nilimkuta siku moja anayaeleza haya kwa sauti ya kufundishia darasani, kama mtu anayesoma habari za nchi ya mbali. Alipomaliza akaniuliza, "Umeelewa, mzee?" Nikasema nimeelewa. Akasema, "Afadhali wewe."

Mbonea ndiye aliyefungua mlango wa kwanza. Alikuwa ametoka kuondolewa mtoto wa jicho katika jicho la kulia, na daktari alimwambia asisome kitu wiki sita, hata tarehe ukutani. Lakini mkataba wa benki ulikuwa kabatini, kurasa sitini na nne za Kiingereza, na hakuna mtu aliyewahi kuusoma wote, hata Mwalimu mwenyewe.

"Shemeji, hayo macho ni yako au ya serikali?" Mwalimu alimfokea alipomkuta dirishani na karatasi.

"Nilichobakiza cha kukupa ni haya macho, shemeji. Kaa utulie."

Alisoma siku nne. Siku ya nne, ukurasa wa hamsini na saba, kwa herufi ndogo kama mayai ya sisimizi, akakuta maneno haya, nayasema kwa Kiswahili chetu: mkopaji anayehama anaweza kuuhamishia mkopo wake kwenye nyumba nyingine kwa riba ile ile, bila faini, ikiwa ndani ya siku tisini tangu barua yake ipokelewe, nyumba ya kwanza itakabidhiwa kwa mnunuzi ikiwa tupu, na hati safi ya nyumba ya pili itawekwa benki. Tena mkopo usizidi pale ulipofika.

Barua ikapelekwa, ikapokelewa Jumatatu. Jicho la kulia la Mbonea likavimba Jumatano. Sasa halioni tena. Akiulizwa anasema limepumzika.

Nakiete ndiye aliyefungua mlango wa pili. Mnunuzi wa nyumba ya kilimani alipatikana upesi, na nyumba ya tambarare ikapatikana, ndogo, maana mkopo haukuruhusiwa kuongezeka na bei za chini ni kali. Muuzaji alikuwa mtu mwaminifu, lakini ofisi ya ardhi lazima ithibitishe kwamba hati haina deni wala kesi, na jalada la kiwanja kile halikuonekana. Njoo kesho. Njoo Ijumaa. Njoo baada ya kikao.

Nakiete akachukua mto wa kukalia, akaenda kukaa kwenye benchi lao. Wakifungua yuko pale, wakifunga wanamwacha pale. Hakupiga kelele, hakutoa kitu kwa mtu, kwa kuwa sisi tumefundishwa kutotoa. Makarani wakampa jina.

"Bi Benchi, umeamkaje?"

"Nimeamka vizuri, wanangu. Jalada nalo limeamka?"

Akakaa wiki ya kwanza, ya tano, ya kumi. Sokoni kuna sheria kwamba meza ikikaa mwezi bila mwenyewe, anapewa mwingine. Wakampelekea salamu, "Nakiete, rudi, meza inaondoka." Akajibu, "Iende." Meza aliyoipigania miaka tisa ikachukuliwa na mama mwingine, na leo anauza hapo vitunguu vizuri kuliko vya Nakiete, Nakiete mwenyewe anakiri.

Alhamisi moja karani mkubwa alichoka kumwona. Akashuka stoo na tochi, na jalada akalikuta limekunjwa chini ya mguu wa kabati lililokuwa linayumba. Wakalikung'uta, wakagonga muhuri. Nakiete akaondoka na karatasi yake moja kwa moja hadi benki, na mto wake kwapani.

Afisa wa benki alikuwa bwana mpole. Akaikagua karatasi, akaangalia kalenda yake, akasema, "Mama, mna bahati kweli. Mmebakiza keshokutwa."

Nakiete akacheka. "Tuna wiki mbili, baba."

"Siku ya tisini ni Jumamosi hii. Nitakuja na mnunuzi saa sita mchana kukabidhiana funguo. Nyumba iwe tupu, maana natakiwa kupiga picha kila chumba."

Sasa sikilizeni kosa lilivyofanyika, na mkilicheka, jueni mnatucheka sisi sote. Aliyekabidhiwa kuhesabu siku alikuwa Mbonea, kwa kuwa yeye ni karani. Kila asubuhi alichukua kalamu na kuchora kistari kimoja kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango. Lakini Sabato sisi hatushiki kalamu kwa mambo ya dunia. Kila Sabato Mbonea aliipita karatasi ile mikono nyuma, na Jumapili akaendelea pale alipoishia. Sabato kumi na mbili zilipita, na siku kumi na mbili hazikuandikwa. Alhamisi ile karatasi ilionyesha sabini na sita. Benki ilikuwa themanini na nane.

Nakiete alipomwambia, Mbonea alikwenda nyuma ya mlango na jicho lake moja, akahesabu vistari kwa kidole, akarudi akahesabu tena. Kisha akakaa sakafuni.

Mwalimu alimpigia simu afisa, akamwomba iwe Jumapili. Afisa akasema, "Mwalimu, ningekuwa mimi ningekupa, ila mashine inajifunga yenyewe Jumamosi." Akamwomba iwe Ijumaa. Mnunuzi alikuwa safarini mpaka Jumamosi asubuhi.

Basi likabaki suala la kuhamisha. Nyumba ya miaka kumi na sita, vitu vyote kwa mkono, ngazi arobaini na mbili, kuanzia Alhamisi alasiri mpaka Ijumaa jua linapozama. Tulikwenda, sikatai. Kanisa lilikwenda. Ijumaa mimi mwenyewe nilibeba viti viwili na meza ndogo. Lakini Ijumaa ni siku ya maandalio, na ilipofika saa kumi watu wakaanza kuagana mmoja mmoja. Huyu anakwenda kuogesha watoto, huyu hajapiga pasi, huyu ana maharage jikoni. Mimi nilisema mgongo. Mgongo wangu haukuwa na kitu.

Jua lilipogusa mlima, ndani ya nyumba kulikuwa bado na kabati la nguo, vitanda vitatu, friji, cherehani, makasha manne ya vitabu vya marehemu, vyombo vyote vya jikoni, na tangi la maji uani. Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu katikati ya sebule tupu. Akasema, "Wekeni chini. Tufungue Sabato."

Nakiete akasema, "Mama mkubwa, kuna vijana pale stendi si wa kanisa letu. Niwaite wabebe kesho. Sisi hatutagusa."

"Nakiete, nikimlipa mtu kesho anibebee kabati, aliyelibeba ni nani?"

"Ni yeye!"

"Ni mimi. Siwezi kumtuma mtu akatende dhambi yangu halafu mimi niimbe. Mkopo na ufe. Mungu anajua nina mguu mmoja."

Wakaimba. Yunisi akashika sauti ya pili. Waliokuwapo wanasema hakukosea hata noti moja.

Yunisi ndiye aliyefungua mlango wa tatu. Asubuhi ya Sabato walimteremsha Mwalimu kama kawaida, wakampeleka kanisani, na Yunisi akasema amesahau kitabu chake cha nyimbo. Akapanda kilimani. Hakurudi.

Kanisa letu lina madirisha ya kushoto yanayotazama kilima kile. Tulikuwa kwenye Shule ya Sabato, mimi nikiongoza somo, na somo lilikuwa habari ya pumziko. Nikaona macho ya watu hayako kwangu. Nikageuka. Kule kilimani kabati la nguo lilikuwa linashuka ngazi, lina miguu miwili. Likishuka ngazi mbili, linasimama. Linashuka tatu, linasimama.

Mtoto mmoja akacheka. Mama yake akamfinya. Hakuna aliyesema jina lake, na wote tulijua ni nani, maana ni shingo moja tu mji mzima inayoweza kitu kile.

Nje ya kanisa, chini ya ukuta, gari langu dogo la mizigo lilikuwa limeegeshwa, na funguo zilikuwa mfukoni mwa suruali yangu. Nilizigusa. Ndugu zangu, nilizigusa mara mbili. Halafu nikaenda dirishani nikalifunga, nikasema, "Tuendelee na somo."

Alibeba peke yake kuanzia saa mbili na nusu. Friji aliifunga kamba mgongoni. Tangi alilimwaga maji akaliviringisha, akilizuia kwa bega lisimponyoke. Vitu aliviweka chini barabarani, akavitandikia shuka, akarudi. Saa sita kasoro robo alichukua ufagio, akafagia. Afisa na mnunuzi walipofika walimkuta amekaa mlangoni, vidole vya miguu vimechubuka, na nyumba tupu kama siku ilipojengwa. Afisa akapiga picha zake. Mkopo ukahama kwa asilimia tisa.

Mwalimu aliambiwa nje ya kanisa, kwenye salamu za "Sabato njema". Kisha akauliza, "Nani alimtuma?" Wakasema hakuna. Akafunika uso kwa kitambaa. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale, na mpaka leo sijui alilia kwa huzuni au kwa shukrani, na nadhani hata yeye hajui.

Baraza la kanisa lilikaa juma lile lile. Yunisi alitolewa kwenye kwaya na kuwekwa chini ya nidhamu miezi sita. Waliotia sahihi ni wazee watano, na sahihi ya kwanza ni yangu. Alipoulizwa kama anatubu alisema, "Natubu kwa Mungu kuivunja Sabato. Kumbebea Mwalimu sitatubu." Katibu akauliza, "Tuandikeje hapo?"

Sasa Mwalimu yuko tambarare. Anafika shuleni kwa dakika saba, akisukumwa. Lakini nimewaambia nyumba ile ni ndogo. Ina chumba cha Mwalimu kilichojaa kitanda chake, choo, sebule ambayo kiti cha magurudumu kinapita kwa kubana na godoro halitandikiki, na chumba kimoja cha uani. Najua kuna mtu anasema moyoni, wanawake wawili walale pamoja. Nimekwenda na futi ya fundi nikapima. Kinaingia kitanda kimoja na ndoo, na mlango lazima ufungukie nje. Mtu ni mmoja. Mbonea kwa sasa analala stoo ya kanisa pamoja na mahema ya makambi. Nakiete amejishikiza kwa rafiki yake mwenye watoto sita. Yunisi analala kibarazani kwa Mwalimu, na mvua za vuli zimeanza. Chumba kimefungwa. Mwalimu alisema kila aliyefungua mlango ana haki ya kuingia, na yeye hana mdomo wa kumwambia yeyote atoke.

Jumapili iliyopita akaniita niamue. Nikawakuta wote wanne sebuleni, magoti yanagusana.

Mbonea alianza. "Mzee, bila ukurasa wa hamsini na saba tungekuwa tunazungumza nini hapa? Mlango wa kwanza usipofunguka, wa pili na wa tatu unaiona wapi? Na jicho langu limebaki kwenye ukurasa ule."

"Baba mdogo," Nakiete akamkata, "jicho lako tunaliheshimu. Ila kalamu yako ndiyo iliyotuua. Ungehesabu kama watu wengine tungehama taratibu, Jumatatu mpaka Alhamisi, tunakunywa na chai, na huyu binti angekuwa anaimba mpaka leo."

"Nilikuwa naitunza Sabato!"

"Ukaitunza kwenye karatasi, ikavunjika mgongoni kwa mwenzio."

Mbonea akalifunika kwa kiganja jicho lake lisiloona, nikatazama pembeni.

Nakiete akaendelea, kwa sauti ya chini sasa. "Mimi nimekaa kwenye lile benchi. Benki haikutaka nyumba tupu peke yake, ilitaka na hati. Yunisi angebeba kilima chote, bila muhuri ule angekuwa amebeba bure. Sina meza, mama mkubwa. Sina pa kuanzia. Wenzangu hawa mmoja ana pensheni yake kidogo, mmoja ana nguvu zake. Mimi najua kukaa tu, na sina pa kukaa."

Mbonea akapata mdomo tena. "Na mimi niseme lililo moyoni mwa kila mtu. Mwalimu alikataza. Alisema mkopo ufe. Tukimpa chumba aliyevunja amri, kesho watoto wa kanisa tutawafundisha nini?"

"Kwa hiyo nyumba iliyopatikana kwa kuvunja amri tunaitaka, ila aliyeivunja hatumtaki?" Nakiete akamuuliza. Nikashangaa, kwa kuwa alikuwa anajipigania yeye, na hapo akawa anampigania mwingine. Nadhani hata yeye alishangaa.

Nikamgeukia Yunisi. "Na wewe, binti yangu?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema neno lako."

"Sina." Akafikiri. "Ninalo moja. Mwalimu hakunituma. Watu wanasema barabarani kwamba alinitumia salamu kwa siri. Hakunituma. Hilo lijulikane."

"Na chumba?"

"Chumba nakitaka, mzee. Nani hakitaki? Mvua inaingia kibarazani."

Mwalimu alikuwa akitazama mikono yake wakati wote. Akasema, "Kila usiku nikipitisha mkono ukutani naona ni ukuta mzuri, kisha nakumbuka umefikaje kwangu. Mimi ndiye niliyesema mkopo uachwe ufe. Kama ningekuwa nimemaanisha, Jumapili ile ningekwenda benki nikairudisha nyumba hii. Sikwenda. Mzee, mimi ni mwenye kosa, siwezi kuwa hakimu. Amua wewe."

Wote wanne wakanitazama. Nikasimama, nikasema, "Tuombe." Nikaomba muda mrefu, nikaombea mpaka wasafiri wa angani. Nilipofika amina nilikuwa nimeshika kofia, na kabla hawajafungua macho vizuri nilikuwa nje.

Wiki hii nimewauliza watu. Fundi mwashi aliniambia apewe Mbonea, maana mwenye msingi ndiye mwenye nyumba. Mama mmoja kliniki akasema apewe Nakiete, maana wale wawili walitoa kitu kwa siku nne na kwa nusu siku, yeye alitoa zaidi ya wiki kumi. Mjukuu wangu akasema apewe Yunisi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Kwa sababu yeye peke yake mlimwadhibu." Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Akasema bila kuinua kichwa, "Chumba cha mbele hapa kwetu kina nini?" Nikamwambia kina magunia yangu. Akaendelea na mchele wake, na magunia bado yapo, lazima niseme kweli. Hata kama ningeyatoa, angebaki mmoja nje, na swali lingebaki pale pale.

Na muda umekwisha. Kidonda kimetokea kwenye mguu wa Mwalimu uliobaki, kimeanza kuwa cheusi pembezoni. Jumatano analazwa. Hospitali wametoa karatasi inayotaka jina la mtu mmoja anayeishi naye nyumba moja, afundishwe kumfunga dawa, kumgeuza, kumwinua. Atakayeandikwa ndiye atakayelala chumba kile na kumtunza Mwalimu siku zake zilizobaki, chache au nyingi. Wawili watafute pa kwenda, na mji wetu hauna pa kwenda pengi.

Leo asubuhi Mwalimu ameniletea karatasi ile mwenyewe, amesukumwa na mwanafunzi wake. Aliiweka mapajani pangu, akaniambia, "Mzee, safari hii usiombe. Andika."

Mbonea aliyeona, Nakiete aliyekaa, Yunisi aliyebeba. Angekosekana mmoja, mkopo usingehama. Mstari ni mmoja, na mimi mnanijua sasa, mkono wangu si wa kuaminiwa.

Wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, ungeandika jina la nani?